Poka ya dau dogo: Bei ya karata unayoingojea na geresha isiyolipa

Juma lililopita barobaro mmoja wa mtaani kwetu alinikuta barazani baada ya alasiri. Alinisalimu, akaketi, akanywa kahawa vikombe viwili bila kusema neno, kisha akatoa daftari la shule lenye jalada lililochanika. Ndani yake alikuwa ameandika kila mkono wa poka aliocheza kwa miezi mitatu, mingine na wenzake maskani, mingine kwenye simu. Jumla ya chini ilisema amepoteza shilingi 18,400. Pesa hizo alikuwa akiweka arubuni ya kuchukua tuktuk.

"Ami," akaniambia, "mimi si mjinga. Video zote nimetazama. Nageresha kama wanavyogeresha wao, lakini wenzangu hawatoki. Kwa nini?"

Swali lake lina jibu, na jibu lenyewe ni hesabu ya darasa la saba. Tulikaa naye mpaka adhana ya magharibi tukiipiga mkono baada ya mkono. Nimeona ni vyema niiandike hapa, kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Kabla sijaendelea niseme wazi. Wengi wa wasomaji wa safu hii wanaijua hukumu ya kamari katika dini yao, na sikuja kumhalalishia mtu chochote. Lakini vijana wetu wanacheza, na wanaambiana kuwa poka si kamari kama zile nyingine, poka ni akili. Neno hilo lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linadanganya vizuri. Basi tuitazame hiyo akili ni ipi, inahitaji nini, na inamfikisha wapi mtu mwenye shilingi mia tano mfukoni.

MCHEZO WENYEWE

Hapa kwetu neno poka lina maana mbili. Vijana wengi wa Kenya wakisema poka au kadi wanakusudia ule mchezo wa kumaliza karata mkononi, ambao mchezaji akikaribia kumaliza hutangaza "niko kadi". Sizungumzii huo. Nazungumzia poka ya Texas, inayochezwa katika kasino na kwenye simu. Mwaka 2007 Bunge la jimbo la Texas lilitambua rasmi kuwa mchezo huu ulizaliwa katika mji mdogo wa Robstown mwanzoni mwa karne ya 20. Ulifika Las Vegas miaka ya 1960, na kutoka huko ukaenea duniani.

Karata ni zile zile 52 tunazozijua: kopa, uru, pau na shupaza, majina ambayo wazee wetu waliyachukua kwa Wareno na yakabaki hata baada ya Wareno kufukuzwa Mombasa. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Watu hutia dau, kisha karata tatu hufunuliwa mezani kwa pamoja. Hizo tatu huitwa flopu. Watu hutia dau tena, ikafunuliwa karata ya nne, dau tena, ya tano, na dau la mwisho. Kila mmoja hutengeneza mkono bora wa karata tano kutokana na zake mbili na zile tano za mezani.

Mikono hupandana hivi kuanzia chini: jozi, jozi mbili, tatu za namba moja, mfululizo wa namba tano, kisha fulashi, yaani karata tano za aina moja kama vile kopa tupu. Juu ya hapo kuna mikono mikubwa ambayo huonekana kwa nadra.

Kitita cha mezani hupatikana kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni kuwa na mkono bora mwishoni. Ya pili ni wengine wote kujitoa ukabaki peke yako, hata kama mkononi huna kitu. Njia ya kwanza ndiyo inayomfanya mtu angojee karata. Ya pili ndiyo inayomfanya agereshe. Barobaro wetu alikuwa akipoteza kwa zote mbili.

KUHESABU KARATA ZA KUKUOKOA

Tuanze na kungojea. Tuseme mkononi una ree ya kopa na tisa ya kopa. Flopu inafunuka: mfalme wa kopa, sita ya kopa, tatu ya pau. Tayari una kopa nne. Ikija moja zaidi una fulashi, na kwa kuwa una ree, hakuna fulashi ya kopa itakayoipiku.

Kopa ziko 13 katika pakiti. Nne unaziona, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 47, kwa sababu umeshaziona mbili zako na tatu za mezani. Kwa hiyo uwezekano wa karata ya nne kuwa kopa ni 9 kwa 47, yaani asilimia 19. Ukihesabu zote mbili zilizobaki, ya nne na ya tano, uwezekano wa kupata kopa angalau moja ni asilimia 35.

Mikono mingine ya kungojea huhesabiwa vivyo hivyo:

Mfululizo wa ncha mbili: una nane na saba, mezani kuna tisa, sita na mbili. Kumi itakuokoa, tano itakuokoa. Karata 8. Asilimia 17 kwa karata moja, 31 kwa mbili.

Mfululizo wa pengo: una nane na saba, mezani kuna kumi, sita na mbili. Tisa pekee ndiyo itakayoziba pengo. Karata 4. Asilimia 9 hivi kwa karata moja, 16 kwa mbili.

Fulashi na mfululizo wa ncha mbili kwa pamoja: karata 15. Asilimia 32 kwa karata moja, 54 kwa mbili.

Huhitaji kikokotoo. Hesabu karata za kukuokoa, zidisha kwa 2 ikiwa utaiona karata moja tu, zidisha kwa 4 ikiwa una hakika ya kuziona mbili. Jibu huwa karibu na kweli, ila karata zikiwa nyingi kama zile 15, kuzidisha kwa 4 kunatia chumvi kidogo.

Lakini angalia sana. Si kila karata ya kukuokoa ni safi. Ukingoja mfululizo na mezani kuna kopa mbili, ile kumi ya kopa itakupa wewe mfululizo na huenda ikampa mwenzio fulashi. Utashangilia, utatia pesa zote, kisha utaonyeshwa. Karata za namna hiyo zitoe katika hesabu: badala ya 8, hesabu 6. Na ukingoja fulashi ukiwa na tatu na tano ya kopa, kumbuka kuwa mwenye kopa mbili kubwa mkononi atakupiku siku utakayopata.

BEI YA KUNGOJEA

Hapa ndipo daftari la barobaro lilipoanza kusema. Alijua kuhesabu karata za kukuokoa. Asichokijua ni bei.

Kungojea karata ni kama kununua samaki sokoni: swali si kama samaki ni mzuri, swali ni anauzwaje. Hesabu yake ni hii: chukua unachotakiwa kutoa, gawanya kwa kitita kitakavyokuwa baada ya wewe kutoa. Jibu ndio uwezekano wa chini unaohitaji ili usipate hasara.

Kitita kina shilingi 300. Mpinzani anatia 100. Ukifuata, kitita kitakuwa 500. Mia moja kwa mia tano ni asilimia 20. Unangojea fulashi, una asilimia 19 kwa karata ijayo. Upungufu ni mdogo, na ukipata fulashi kuna pesa zaidi za kuvuna baadaye. Fuata.

Sasa kitita kile kile cha 300, mpinzani anatia 300. Ukifuata kitakuwa 900. Mia tatu kwa mia tisa ni asilimia 33. Wewe una 19. Hapo samaki ni ghali.

"Lakini ami, si umesema asilimia 35?" aliniuliza. Ndiyo, hilo ndilo kosa lililomla pesa nyingi. Asilimia 35 ni ya karata mbili. Ukifuata dau leo, utaiona ya nne tu, kisha mpinzani atakutoza tena ili uione ya tano. Huwezi kununua kilo moja ukajihesabia kilo mbili. Asilimia 35 ni yako tu ikiwa mmoja wenu amekwisha kutia pesa zake zote mezani, kwa hiyo hakuna dau jingine la kulipa.

Kuna jambo moja linalopunguza ukali wa bei, nalo ni pesa utakazopata baadaye ukipata karata yako. Tuseme kitita ni 300 na mpinzani ametia 200. Unahitaji asilimia 29 hivi, una 19. Kwa kila mara 9 utakazopata kopa, kuna mara 38 utakazoikosa na kupoteza 200. Ukipiga hesabu utaona kwamba ili usile hasara, kila unapopata lazima uvune kama shilingi 345 zaidi ya zile 500 zilizo mezani. Basi jiulize maswali mawili kabla hujafuata. Je, mwenzio ana hizo 345 mbele yake? Akiwa amebakiwa na 100, jibu umeshalipata. Na je, ni mtu wa kukulipa? Kopa tatu mezani kila mtu anaziona na huogopa. Mfululizo uliojificha, kama ule wa nane na saba, hulipwa vizuri zaidi kwa sababu hauonekani upesi.

HESABU YA KUGERESHA

Kugeresha nako kuna bei yake, na ni rahisi zaidi kuihesabu. Kitita kina 400. Huna kitu. Unatia dau la 200 ukitaka wote wajitoe. Unahatarisha 200 ili upate 400. Geresha yako inahitaji kufaulu mara moja katika kila tatu ili usipate wala usipoteze. Ukitia 400, inabidi ifaulu nusu ya mara.

Sasa tuseme uko na mtu asiyependa kujitoa. Ana jozi ndogo, anasema "nitamwona huyu". Hujitoa mara moja tu katika tano. Katika mara tano utapata 400 mara moja, na utapoteza 200 mara nne. Hasara ya 400 kwa mara tano, yaani shilingi 80 kila unapogeresha. Si mkosi, wala si jicho la mtu. Ni bei.

Wakiwa wengi mambo huzidi kuwa mabaya. Ikiwa kila mtu ana uwezekano wa asilimia 60 wa kujitoa, ukigeresha mmoja una asilimia 60. Ukigeresha wawili una 36. Ukigeresha watatu una 22 tu. Na meza za dau dogo ndizo ambazo watu watatu, wanne huingia flopu kila mkono, kwa sababu kila mmoja anasema pesa yenyewe ni kidogo.

Tulizihesabu geresha zote za barobaro alizoandika katika daftari. Zilikuwa 41. Waliojitoa ni mara 9. Hiyo ni asilimia 22. Kwa dau la nusu ya kitita, alilokuwa akitia mara nyingi, alihitaji 33. Hakuhitaji video nyingine. Jibu lilikuwa ndani ya daftari lake tangu mwezi wa kwanza.

Hapa mtu atasema, basi kugeresha ni upuuzi. La. Mtaalamu wa hesabu John von Neumann, katika kitabu alichoandika na Oskar Morgenstern mwaka 1944, alionyesha kwa hesabu kuwa katika mchezo kama huu, asiyegeresha kamwe anajidhulumu. Wenzake wakishajua kuwa akitia dau ana mkono kweli, watajitoa wote, na mkono wake mzuri hautalipwa. Geresha ina kazi ya kuwafanya wengine wawe na shaka. Ila hesabu hiyo ni ya wapinzani wanaofikiri. Mtu ambaye hana shaka yoyote, anayefuata kila dau, ameshakulipa mkono wako mzuri bila wewe kumgeresha. Kumgeresha yeye ni kumpa zawadi.

GERESHA YENYE TEGEMEO

Kati ya kugeresha na kungojea kuna njia ya tatu, nayo ndiyo hasa inayowatofautisha wachezaji wazuri. David Sklansky, mwandishi wa Kimarekani wa vitabu vya poka, ndiye aliyeipa jina linalotumika hadi leo. Kwa Kiswahili tuiite geresha yenye tegemeo. Unatia dau ukiwa bado huna mkono, lakini una karata nyingi za kukuokoa endapo utafuatwa.

Tupige hesabu. Kitita kina 400, wewe una 300 zilizobaki, mko wawili. Unatia zote. Mwenzio hujitoa mara 3 katika 10.

Kama huna chochote: mara 3 unapata 400, ni 1,200. Mara 7 unapoteza 300, ni 2,100. Hasara ya 900 kwa mara kumi, yaani 90 kila mara.

Kama unangojea fulashi: mara 3 zile zile unapata 1,200. Katika zile mara 7 unazofuatwa, una asilimia 35 ya kupata 700 na asilimia 65 ya kupoteza 300. Hiyo ni faida ya shilingi 50 kila unapofuatwa, jumla 350. Jumla kuu 1,550 kwa mara kumi, yaani faida ya 155 kila mara.

Dau ni lile lile, mpinzani ni yule yule, mara za kujitoa ni zile zile. Tofauti ni shilingi 245 kila mara, na yote imetokana na kopa tisa zilizobaki katika pakiti. Kwa hiyo ukitaka kugeresha, geresha ukiwa na tegemeo. Mkono mtupu uweke chini.

KISA CHA LAS VEGAS

Barobaro alinitajia mkono mmoja ambao, alisema, ndio uliomtia moyo. Naujua, kwa kuwa ni maarufu kuliko yote. Mwaka 2003, katika mashindano makuu ya dunia ya poka kwenye kasino ya Binion's Horseshoe, Las Vegas, waliingia watu 839. Mmoja wao alikuwa mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, ambaye hakulipa kiingilio cha dola 10,000 bali alipata nafasi kwa mchujo wa dola 86 kwenye intaneti. Walibaki wawili, yeye na mchezaji mzoefu Sam Farha.

Moneymaker alikuwa na mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Farha alikuwa na malkia wa shupaza na tisa ya kopa. Flopu ilikuwa tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza. Farha tayari ana jozi ya tisa, iliyo juu ya meza yote. Karata ya nne ikaja nane ya shupaza. Farha akatia dau, Moneymaker akapandisha, Farha akafuata. Ya mwisho ikaja tatu ya kopa, isiyomsaidia mtu. Moneymaker hakuwa hata na jozi. Akasukuma mbele kila alichokuwa nacho. Farha akafikiri sana, kisha akajitoa. Baadaye Moneymaker alishinda mashindano na kubeba dola milioni 2.5.

Vijana huona lile dau la mwisho. Rudi nyuma utazame karata ya nne. Wakati ule Moneymaker alikuwa na shupaza nne, na pia sita, saba, nane na tisa mfululizo. Kwa alivyoona yeye, karata za kukuokoa zilikuwa 15 kati ya 46, karibu theluthi. Alipandisha dau akiwa na tegemeo kubwa. Alipoikosa ndipo akamalizia hadithi aliyokwisha kuianza, na hadithi hiyo iliaminika: mezani kulikuwa na shupaza tatu na namba zilizofuatana. Tena walikuwa wawili tu. Na muhimu kuliko yote, aliyekuwa mbele yake ni mtu aliyejua kuweka chini mkono mzuri. Maskani ya kwetu, yule wa jozi ya tisa angesema "nimekuona" kabla karata haijatulia mezani.

UKIKETI MEZA YA DAU DOGO

Kwa yote hayo, mambo ya kushika si mengi.

Kwanza, mjue mtu kabla ya karata. Geresha apigwe anayejua kujitoa. Asiyejitoa, mtilie dau ukiwa na mkono mzuri, na umtilie kubwa. Kosa lake la kufuata ovyo linaua geresha yako, lakini ndilo linalolipa fulashi yako.

Pili, usigereshe zaidi ya mtu mmoja, au wawili kwa nadra.

Tatu, geresha uwe na tegemeo, hasa mara baada ya flopu, wakati karata mbili bado zinakuja. Karata ya tano ikishafunuliwa hakuna tegemeo tena. Ukiikosa na mwenzio si mtu wa kujitoa, kubali umekosa.

Nne, hadithi yako iwe moja. Ukipita flopu na karata ya nne kimya kimya kama mtu asiye na kitu, halafu ghafla ukatia dau kubwa mwishoni, umemwambia mwenzio kuwa unageresha.

Tano, penda kusema mwisho. Anayesema baada ya wenzake amekwisha kuona nani ametia na nani amepita. Mara nyingine wote wakipita utaiona karata unayoingojea bila kulipa hata senti.

Sita, kabla ya kufuata dau, sema bei kimoyomoyo. Nahitaji asilimia ngapi, nina ngapi. Ukishindwa kusema, huchezi, unachezwa.

MCHUZI UNAPOISHIA SUFURIANI

Mtu akiyashika haya sita atacheza vizuri kuliko wengi wa dau dogo. Je, atapata pesa? Hapa ndipo wale wanaosema "poka ni akili" hunyamaza.

Wenzako wakicheza maskani, alichopoteza mmoja amepata mwingine. Pesa hazitoki barazani. Lakini kasino na michezo ya simu si sadaka. Kila kitita hukatwa fungu la mwenye nyumba, mara nyingi karibu asilimia 5, mpaka kiwango fulani. Shilingi ishirini kwa kitita cha mia nne, nani ataihisi?

Tuihisi. Watu sita wameketi, kila mmoja na shilingi 2,000. Mezani kuna 12,000. Mikono 30 kwa saa, kitita cha wastani 400, kato la 20 kila mkono. Kila saa zinatoka 600. Baada ya saa tano zimeondoka 3,000, robo ya pesa zote. Wakikaa saa 20 bila mtu kuongeza senti, nyumba imebeba zote 12,000, mjinga na mwerevu wote wamerudi mikono mitupu. Kwenye simu mikono huenda mbio zaidi. Ikiwa 60 kwa saa, ni saa kumi tu.

Kwa hiyo kucheza vizuri kuliko wenzako hakutoshi. Inabidi uwapite kwa kiasi cha kulifidia kato, kisha ndio uanze kuhesabu faida. Dau likiwa dogo, kato huwa zito, kwa sababu vitita vidogo havifiki kile kiwango ambacho kato husimama.

Na kwenye simu hujui umeketi na nani. Mwaka 2017 programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika mikono 120,000. Haikuchoka, haikukasirika, haikutaka kurudisha kilichopotea. Kijana wetu saa nane za usiku, mwenye chaji asilimia sita na hasira ya jana, hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Tuliporudi kwenye daftari tuligawanya hasara yake mahali pawili. Kati ya 18,400, shilingi 6,150 zilikwenda kwa wenzake wa maskani. Hizo anajua ziko wapi. Mmoja wao alimnunulia chai juzi. Zilizobaki, 12,250, zilikwenda kwenye simu, na za huko hajui hata alizichukua nani.

Alikaa kimya, akaitazama ile 12,250 kwa muda. Kisha akaniuliza bei ya arubuni ya tuktuk imefika ngapi siku hizi. Nikamwambia hilo aende akamuulize mwenye tuktuk, mimi mambo yangu ni karata na kahawa. Alicheka. Alipoondoka aliacha daftari juu ya baraza. Nimemwekea. Akilitaka atalijia, na ukurasa wa mwisho nimemwandikia mstari mmoja tu: geresha 41, waliojitoa 9.